Mjomba Hayupo

Foleni ya zahanati ilikuwa imetoka kibarazani ikaingia juani, na Mama Pacha alisimama katikati yake kama mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Alikuja kuona kwa macho yake kile alichoambiwa kwa simu, kwamba programu yake inachelewa. Alipoikuta foleni akaona haya kuwapita watu, akasimama nyuma yao.

Dirishani, karani wa mapokezi alikuwa ameshika shavu. Alikwishaandika jina la mtoto mwenye homa, akabonyeza, na sasa yeye, mama wa mtoto na wote waliokuwa nyuma yao walikuwa wanatazama kiduara kikizunguka kwenye skrini.

"Bado?" aliuliza mama wa mtoto.

"Bado inatafuta."

"Inatafuta nini, na mtoto ninaye mimi hapa?"

Watu wakacheka, kicheko cha uchovu. Mzee mmoja mwenye fimbo akamgeukia jirani yake. "Zamani yalikuwepo makaratasi. Huyu binti alikuwa anainama chini ya meza, anaibuka na kadi yako. Sasa wametuletea televisheni."

"Kaitengeneza nani?"

"Eti mama mmoja wa mtaa wa nyuma. Alikuwa muuza vocha. Kajifundisha mwenyewe kwenye simu."

"Kwenye simu!"

"Ndiyo maana."

Mama Pacha akatazama ndala zake. Mwanamke aliyesimama nyuma yake, ambaye hakumjua hata kidogo, aliona jasho likimtiririka shingoni akasogeza mwavuli ukawafunika wote wawili. "Njoo kivulini, mwenzangu," alisema. "Jua la leo halina adabu." Wakakaa hivyo mpaka mlangoni, bega kwa bega, bila kuulizana majina.

*

Msimamizi wa zahanati, ambaye wote walimwita Sista, hakuwa mkali. Ingekuwa nafuu angekuwa mkali. Alikuwa ameyatoa stoo yale maboksi ya kadi za zamani, yakapangwa ukutani na vumbi lake, na alizungumza huku akiyatazama.

"Mama Pacha, sikulaumu. Mwanzoni ilikwenda vizuri, nilikusifu mwenyewe. Lakini watu wameongezeka, na siwezi kuwa na mtoto wa homa juani kwa sababu ya kompyuta. Nimemwomba jirani yangu aitazame. Ni mwalimu wa chuo, anafundisha mambo hayo."

Mwalimu alikuwa mtu mzima mwenye mvi chache kidevuni. Alikwishakaa mbele ya kompyuta, anasoma. Mama Pacha aliona kazi yake inasomwa na mtu mwingine kwa mara ya kwanza, akajihisi kama mtu aliyefunguliwa kabati la nguo mbele ya wageni.

"Ni wewe uliyeandika, dada?"

"Ni mimi."

"Mtu akitafutwa, programu yako inamtafuta vipi?"

Alifungua kinywa. Miezi yote aliyokaa na programu hiyo, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na yeye hakuwahi kujiuliza. "Inatafuta tu," alisema. "Unaandika jina, inatafuta."

Mwalimu hakucheka. Alimtazama Sista, akasema ana kiu, na Sista alipotoka kumletea maji akashusha sauti. "Kila mgonjwa umempa faili lake. Vizuri. Lakini kumpata mmoja, inafungua la kwanza, siye, la pili, siye, mpaka imfikie. Ulijaribia kwa watu wangapi?"

"Ndugu zangu," alisema Mama Pacha. "Niliwaandika ndugu wote wa upande wa mume wangu. Ilikuwa inawapata mara moja."

"Ukoo mkubwa?"

"Unajaza ua."

"Ua ni ua tu, dada. Hapa ni mtaa mzima." Akasogeza kiti. "Kuna zana zilizo tayari. Naweza kukuwekea leo, kazi ikaisha. Ila ikiharibika utaniita mimi, maana hutajua ndani mna nini. Au usome msingi wenyewe: namna ya kupanga vitu, namna ya kutafuta, na kazi inavyokua watu wakiongezeka. Sisi tuliosoma darasani tulianzia huko tukalalamika. Wewe umeanza kwa kujenga. Si dhambi. Rudi tu uchimbe."

Sista aliporudi na maji, alimkuta Mwalimu amesimama. "Kazi yake ina sehemu moja mbovu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mpe mpaka Jumatatu."

Mwalimu angeweza kusema lingine. Kazi ile ingekuwa yake, na hakuna ambaye angemlaumu.

*

Nyumbani, ujira wa zahanati ndio uliokuwa unalipia pango la karakana tangu watu waache kushonesha makochi. Baba Pacha, fundi makochi, alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na kwa hiyo hakulitaja. Mke wake alipomaliza kueleza yaliyotokea, alichukua nyundo, akakaza mguu wa kiti cha kuandikia uliokuwa unalegea. Kiti hicho alimtengenezea yeye mwenyewe kwa masalio ya vitambaa, kila upande rangi yake, kiasi kwamba shemeji alikiita kasuku.

"Mwenye kibanda cha vocha kasema nafasi yangu bado ipo," alisema Mama Pacha.

"Kasema lini?"

"Nimempitia nikirudi."

Nyundo ikatulia. "Umeshajiaga kabla hujafukuzwa?"

"Baba Pacha, mtu ameniuliza swali moja nikakosa jibu. Moja! Mimi najiita mtu wa kompyuta, kumbe napika bila kujua moto unawakaje."

"Na watu wamekula," alisema mumewe. "Haya, kaa. Hicho alichokwambia Mwalimu kinasemaje?"

Wiki ile nyumba ilibadilika. Bibi, mama yake Baba Pacha, aliacha kufungua redio mchana ingawa mchezo wake ulikuwa umefika pazuri. Pacha walipotoka shule aliwapokea mlangoni kwa kidole mdomoni, akawapeleka kucheza karakana. Na kila alipopita na chai aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia mgonjwa, "Imeamkaje leo?"

"Bado, Mama. Bado haijaamka."

"Itaamka. Kunywa chai."

Mama Pacha alisoma kwenye simu, akaandika, akafuta. Maelezo mengine yalikuwa na alama kama za hesabu, yakamrudisha darasani kwenye dawati la nyuma alikokuwa anajificha. Alisoma sentensi moja asubuhi nzima. Jioni alimweleza mumewe alichoambulia, na mumewe, pini zikiwa mdomoni, alitikisa kichwa. "Sijaelewa. Rudia."

Alirudia. Akikwama katikati alijua pale alipokwama ndipo asipopajua, akarudi kusoma. Siku iliyofuata alieleza tena, na Baba Pacha akasema tena, "Hapo kati umeniacha." Bibi alikuwa anachambua vifungo pembeni. Alimjua mwanawe tangu tumboni, na aliona kabisa kwamba ameelewa tangu jana. Aliinama tu kwenye vifungo vyake, akitabasamu.

Ijumaa, Mama Pacha akapiga kofi mezani. "Imekubali!" Alikuwa ametengeneza orodha moja ya majina yote, yamepangwa kwa herufi, na programu haikuanza tena juu. Ilikwenda katikati, ikauliza: huyu ninayemtaka yuko kabla au baada? Nusu nzima ikaachwa bila kuguswa. Kisha katikati ya nusu iliyobaki. Kisha tena. Aliandika jina la jirani, likaja kabla hajainua kidole.

"Imeamka!" Bibi alisema, akajifuta macho kwa pindo la nguo. "Sasa mimi nataka kuiona."

"Si hii hapa, Mama, kwenye skrini."

"Hapo naona maandishi. Nataka kuiona inavyotembea."

*

Jumapili ukoo ukaja. Bibi alikuwa amewapigia simu wote akisema "kuna jambo", basi, bila kufafanua. Shangazi aliingia tayari ana uso wa msiba.

"Nani?" aliuliza mlangoni.

"Hakuna aliyekufa," alisema Bibi. "Ni kompyuta."

"Imekufa?"

"Imefufuka. Ingia ndani uwe mgonjwa."

Wakakusanyika uani, watu wazima na watoto. Mama Pacha aliona haya mwanzoni. Mikono hakujua aiweke wapi. "Pale zahanati tunatumia majina," alisema, "lakini nyinyi nusu yenu majina yenu yanaanza na herufi moja. Tutumie umri. Kwanza njia ya zamani. Simameni mnavyotaka."

Wakasimama hovyo, mstari kutoka geti mpaka jikoni. Akaanza getini. "Namtafuta mwenye miaka sitini na sita. Ni wewe?" "Siyo mimi." "Ni wewe?" "Mimi nina saba, mama, si unanijua?" Akaenda hivyo mmoja mmoja, na mpaka anafika jikoni shemeji alikuwa amechuchumaa anakoroma kwa makusudi.

"Umeona foleni yako hiyo?" alisema shemeji. "Mimi ningekuwa na homa ningeshapona mwenyewe."

"Au ungekuwa marehemu," alisema Baba Pacha. "Simama sawa."

"Sasa jipangeni kwa umri. Wadogo getini, wakubwa jikoni."

Hapo pakawa na kazi. Watoto walijipanga haraka, wakibishana kwa miezi. Wakubwa walikawia. Shangazi alikwenda kusimama karibu kabisa na shemeji, akarekebisha kilemba.

"Shangazi, una miaka mingapi?"

"Hamsini na mitano."

Bibi akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, lakini watu wote walikisikia.

"Basi na mashine nayo imekuwa mmbeya," alisema Shangazi, akasogea kuelekea jikoni, hatua baada ya hatua, mpaka kikohozi kikakoma. Akawa amesimama jirani na Bibi.

Mama Pacha akaenda katikati ya mstari. "Shemeji, una ngapi?"

"Thelathini na minane."

"Namtaka wa sitini na sita. Basi kuanzia wewe kurudi getini, wote mkae chini." Nusu ya ua ikakaa kwa kelele. Akaenda katikati ya waliobaki, akauliza, wengine wakakaa. Mara ya tatu akanyoosha mkono, akamgusa Shangazi begani.

Ua mzima ukapiga makofi. Pacha wakadai irudiwe, ikarudiwa, akatafutwa huyu na yule, na kila mara alipatikana kwa maswali mawili matatu. Bibi alikuwa amekunja mikono kifuani. "Kumbe haiko mbio," alisema. "Inajua tu wapi pa kutokwenda."

Ndipo Mjomba akaingia.

Mjomba, mdogo wa Bibi wa kufuatana, alikuwa fundi baiskeli, na alikuwa mtu wa kuchelewa na kuomba radhi. Kwenye harusi alikaa karibu na mlango asije akasumbua watu. Kwenye picha za ukoo ilionekana kofia yake tu, nyuma ya kichwa cha mtu. Aliona mstari, hakuuliza ni wa nini, akaomba radhi kwa kuchelewa, akavua kofia akasimama mwisho wake, hapo hapo getini, baada ya mtoto mdogo kuliko wote.

"Mtafute Mjomba!" alipaza sauti Baba Pacha kutoka kati, maana kwa wingi wa watu hakuona Mjomba aliposimama. "Nimesikia sauti yake."

"Haya. Mjomba ana sabini." Mama Pacha akaenda katikati, na kwa kuwa sasa alikuwa amenogewa, hakutazama nyuma. "Shemeji, thelathini na minane. Kuanzia wewe kurudi getini, mkae."

Wakakaa. Mjomba naye akakaa. Aliipindua ndoo, akaketi juu yake kati ya watoto, kofia magotini.

Akamwendea wa pili, hamsini na mmoja, wakakaa. Akamfikia Shangazi, sitini na sita, naye akakaa. Akabaki Bibi peke yake, miaka sabini na minne.

"Hayupo," alisema Mama Pacha.

"Yupo, mama," alisema mmoja wa pacha. "Babu si huyu hapa, amekaa na sisi."

Watu wakageuka. Mjomba akainuka nusu, kama mtu aliyekutwa kwenye kiti cha mwingine. "Samahani," alisema. "Niliambiwa nikae, nikakaa."

Kicheko kililipuka, Shangazi akajishika mbavu, lakini kikakatika walipomwona Mama Pacha. Alikuwa amesimama katikati ya ua, mkono mdomoni.

"Nini tena?" aliuliza mumewe.

"Ndivyo nilivyoandika." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mgonjwa mpya akiandikishwa, jina lake naliweka mwisho. Baada ya wote. Kesho kadi za zamani zingepatikana zote, ningesifiwa, kumbe kila aliyekuja mpya... Mama mwenye mtoto mchanga angeandikishwa asubuhi, akirudi jioni anaambiwa hayupo. Na amesimama pale pale dirishani."

Mtoto aliyekuwa karibu na Mjomba akamshika mkono, kwa kuwa alidhani ndiye aliyekosa.

Mama Pacha akaenda getini. "Mjomba, njoo."

"Mimi hapa nyuma pananitosha, mwanangu."

"Panakutosha wewe, hapanitoshi mimi. Nikikutafuta nikakukosa, nitamwambia nini dada yako?" Akamshika mkono, akampitisha mbele ya watoto, mbele ya shemeji, mpaka jikoni. "Nafasi yako ni hii. Kati ya Shangazi na Bibi. Wengine wasogee."

"Mpaka mimi nisogee?" alisema Shangazi.

"Ni hatua moja tu, Shangazi."

Shangazi akasogea, na aliyemfuata akasogea, na msogeo ule ukaenda mpaka getini, kila mtu hatua moja. Mjomba akasimama pale kati, kofia mikononi, hajui atazame wapi. Bibi akamkung'uta vumbi begani.

"Haya," alisema Bibi kwa mkwewe. "Mtafute."

Akamtafuta. Akampata.

*

Jumatatu asubuhi karani wa mapokezi aliandika jina la kwanza, akabonyeza, na kadi ikafunguka. Akarudi nyuma kwenye kiti. "Mbona imejibu haraka hivi? Imetafuta kweli, au inabahatisha?"

"Imetafuta," alisema Mama Pacha kutoka nyuma ya mlango. Alikuwa amesimama hapo tangu zahanati ifunguliwe, kwa kuwa miguu ilikataa kukaa.

Foleni haikuingia juani siku hiyo. Haikufika hata mwisho wa kibaraza. Sista alipita mara kadhaa akiitazama. Kwenye saa nne aliwaita wafanyakazi wawili, akaonyesha yale maboksi ya kadi ukutani. "Yarudisheni stoo," alisema. "Yananipigisha chafya." Kisha, akipita karibu na Mama Pacha, akamwekea kiti.

Wapya waliandikishwa, na sasa kila jina liliingia kwenye nafasi yake. Mama Pacha alimhesabu kila mmoja moyoni, na kila mmoja alipoandikwa alifunga macho, akaiona ile hatua moja ikienda mpaka getini.

Karibu na adhuhuri mzee mmoja alifika dirishani, akavua kofia. Karani akamkumbuka, alikuwa amejiandikisha mapema sana, kisha akakaa mwisho wa benchi, akawapisha watu wote.

"Karibu tena, mzee. Unaumwa nini?"

"Siumwi, binti. Nimekuja kuangalia kama nipo."

Karani akamtazama. Alikuwa na maneno ya kusema, lakini foleni ilikuwa fupi na mzee alikuwa mpole, basi akaandika jina, akabonyeza.

"Upo, mzee."

"Nipo?"

"Upo hapa. Jina lako, mtaa wako, na miaka sabini. Unataka kuona?" Akaigeuza skrini.

Mjomba akainamia dirisha, akalisoma jina lake taratibu, mdomo ukitembea. Nyuma ya mlango Mama Pacha alikuwa ameshika kiti kwa mikono yote miwili.

"Asante," alisema Mjomba. Akavaa kofia, akageuka kuondoka, kisha akarudi, na kwa mara ya kwanza hakuomba radhi kwa kumsumbua mtu. "Na aliyeitengeneza umwambie. Mwambie Mjomba yupo."